BOMBA LA HEWA LISIPOKUWAPO, NYUMBA SAFI HUNUKA

Katika nyumba nyingi za mijini, mtu akizunguka upande wa nyuma ataona bomba nene lililopanda ukutani hata likapita paa, na kichwa chake ki wazi juu angani. Bomba hilo halina mfereji, wala hakuna maji yatokayo juu yake. Kwa sababu hiyo watu wengi hulidharau. Wengine hulikata wakati wa kubadili mabati. Wengine huliziba kwa saruji ili mvua isiingie. Na wajenzi wengine, kwa kutaka kupunguza gharama, hawaliweki kabisa. Baadaye nyumba huanza kunuka, na waliomo ndani huanza kulaumiana.

Makala haya yakusudia kueleza kazi ya bomba hilo, madhara yapatikanayo likikosekana, na mambo yampasayo mwenye nyumba kuyafanya ili kuurudisha usalama wa nyumba yake.

MAJI YANAYOLINDA MLANGO

Kwanza yafaa tujue jinsi choo cha kuvuta maji kinavyozuia harufu. Chini ya kila sinki, na ndani ya beseni la choo lenyewe, mna shingo iliyopindwa ambayo mafundi huiita trapu. Maji machafu yakiisha kupita, maji kidogo hubaki katika pinda hilo. Maji hayo machache ndiyo mlango. Upande huu ni chumba wanamokaa watu. Upande wa pili ni bomba linalokwenda katika tangi la septiki au katika bomba kuu la mji. Kwa kawaida kimo cha maji hayo katika choo ni milimita 50 hivi, yaani hayazidi upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Hakuna kizuizi kingine.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa aliyekaa London, alipata hataza ya choo chenye shingo iliyopindwa kwa mfano wa herufi S. Lakini trapu peke yake haikutosha. Watu walipozidi kuunganisha vyoo vingi katika bomba moja, ilionekana kwamba maji ya trapu yaweza kunyonywa yakaondoka yote, na mlango ukabaki wazi. Dawa iliyopatikana ni kuliacha bomba la kusimama liendelee kupanda hata juu ya paa, ili hewa iweze kuingia na kutoka. Desturi hiyo ya ujenzi ililetwa Afrika ya Mashariki pamoja na mabomba ya chuma na vyoo vya kuvuta maji, na hata leo nyumba za zamani za Nairobi na Mombasa zaonyesha mabomba hayo kwenye kuta zake za nyuma.

MFANO WA KOPO LA MAFUTA

Msomaji akitaka kuielewa kazi ya hewa, na atwae kopo la mafuta lililofungwa, alitoboe tundu moja tu, kisha alimimine. Mafuta hayatatiririka vizuri. Yatatoka kwa kigugumizi, huku kopo likilia na kuvuta hewa kwa nguvu kupitia tundu lile lile linalotoa mafuta. Sasa na atoboe tundu la pili upande mwingine. Mara mafuta yatatiririka kwa utulivu, bila sauti. Kila mwenye duka anajua jambo hili, ingawa huenda hakufikiri kwamba lahusu choo chake.

Bomba la maji machafu ni kama kopo hilo. Mtu wa ghorofa ya juu anapovuta maji, fungu kubwa la maji huanguka kwa kasi ndani ya bomba. Maji hayo husukuma hewa iliyo mbele yake na kuvuta hewa iliyo nyuma yake. Bomba la hewa likiwapo, hewa ya nje huingia kutoka juu ya paa kufuata maji, na hakuna kinachodhurika. Lakini bomba la hewa lisipokuwapo, maji yanayoanguka hayana budi kutafuta hewa mahali pengine. Mahali pengine palipo pepesi ni katika trapu za sinki, za bafu na za vitundu vya sakafuni. Hewa ya chumbani hunyonywa kupitia trapu hizo, na maji yake huondoka pamoja nayo. Kinyume chake, karibu na mguu wa bomba, hewa iliyobanwa mbele ya maji husukuma mapovu yapande ndani ya sinki na beseni za ghorofa ya chini.

Basi bomba la hewa lina kazi mbili. La kwanza ni kuingiza hewa ili maji ya trapu yasinyonywe. La pili ni kutoa hewa mbaya ya mabomba na kuipeleka juu, mahali ambapo upepo huitawanya pasipo kumfikia mtu yeyote.

MADHARA YAKE NI NINI?

Harufu ya choo ni aibu, lakini aibu ndiyo madhara madogo. Hewa ya mabomba ya maji machafu ni mchanganyiko wa gesi kadha wa kadha. Mojawapo ni haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno, na kiasi hicho kidogo huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na macho kuwasha. Lakini gesi hii ina hila mbaya: ikizidi na kufikia sehemu 100 hivi katika sehemu milioni moja za hewa, huifisha pua, na mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe hatari imeongezeka. Katika nyumba ya kawaida ni nadra kiasi hicho kufikiwa, lakini ndani ya tangi la septiki na katika manholi yawezekana kabisa. Ndiyo maana mtu hapaswi kamwe kuingia katika tangi kumfuata mwenziwe aliyeanguka humo, ila aite msaada wa watu wenye vyombo vya kazi hiyo.

Gesi ya pili ni methani. Hiyo haina harufu, nayo ikichanganyika na hewa kwa kadiri ya asilimia 5 hata 15 huweza kulipuka ikikutana na moto. Kwa hiyo mtu asichungulie tangi au manholi kwa kiberiti wala kwa taa ya mafuta.

Tena kuna jambo la maradhi. Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu. Zamani, wakati mto Thames ulipoinuka harufu kali katika kiangazi cha mwaka 1858, watu wengi wa London waliamini kwamba harufu yenyewe ndiyo iletayo kipindupindu. Leo twajua sivyo. Kipindupindu huletwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Hata hivyo, trapu iliyokauka si jambo la kuchezea. Mwaka 2003, katika majumba ya Amoy Gardens huko Hong Kong, watu zaidi ya 300 waliambukizwa ugonjwa wa mapafu uitwao SARS, na wachunguzi waliona kwamba njia mojawapo iliyoyapitisha matone yenye vijidudu ni vitundu vya sakafuni vya bafu ambavyo trapu zake zilikuwa hazina maji. Feni za bafuni zilivuta hewa ya mabomba ikaingia ndani. Mambo kama hayo hayatokei kila siku, lakini yatufundisha kwamba maji yale machache katika trapu hayakuwekwa bure.

MAMA WA CHINI HANA KOSA

Tuseme mathalani Bwana Fulani ana nyumba ya ghorofa moja. Yeye na jamaa zake wakaa juu, na chini amempangisha mama mmoja mwenye watoto watatu. Kila asubuhi chumba cha chini chanuka. Mama asugua sakafu, amwaga dawa, na kubadili vitambaa. Harufu hairudi nyuma. Mwisho Bwana Fulani amwambia kwamba nyumba yake haiwezi kuharibiwa na uchafu wa mtu, na kwamba mwezi ukiisha atafute mahali pengine.

Kabla ya mwezi kwisha, fundi aja kutengeneza mfereji uliovuja. Anusa, atazama ukuta wa nyuma, kisha asema: "Mzee, huyu mama hana kosa. Njoo nikuonyeshe."

"Wanionyesha nini, fundi?"

"Tazama maji katika beseni la mama. Nimeweka alama kwa chaki mahali yanapokoma. Sasa mwambie kijana wako avute maji huko juu."

Kijana avuta. Beseni la chini lalia kama mtu anayesukutua koo, mapovu yatoka, na maji yatulia chini ya alama ya chaki. Kijana avuta mara ya pili, na maji yashuka tena. Katika kitundu cha sakafuni mwa bafu hayabaki hata kidogo, na harufu yapanda papo hapo.

"Mabati haya ulibadili lini, mzee?"

"Mwaka jana."

"Basi waliobadili mabati walilikata bomba la hewa wakalifunika juu. Wewe ukivuta maji, wavuta na mlango wa mama huyu."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mambo yake hutokea. Mara nyingi anayelaumiwa kwa harufu ni yule anayesafisha, naye kwa kawaida ni mama wa nyumba, au mtumishi, au mpangaji. Kabla ya kumhukumu mtu, yatupasa kwanza kulihukumu bomba.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mwenye nyumba aweza kuutambua upungufu huu kwa dalili zifuatazo.

Kwanza, sinki au bafu hulia wakati choo kinapovutwa maji. Sauti hiyo ni hewa inayopita mahali isipostahili kupita.

Pili, maji ya beseni la choo hupungua yenyewe, au hucheza juu na chini, ingawa hakuna aliyeyatumia.

Tatu, harufu huja kwa vipindi, hasa baada ya mtu kuvuta maji au kumwaga ndoo nzima ya maji ya kufulia.

Nne, maji hushuka polepole katika vyombo vyote, si katika kimoja tu.

Lakini asifanye haraka kukata shauri, maana ziko sababu nyingine zinazofanana na hizi. Ikiwa sinki moja tu ndilo linaloshuka polepole, yamkini trapu yake imezibwa na mafuta au nywele. Ikiwa harufu yatoka katika bafu lisilotumiwa, huenda maji ya trapu yamekauka kwa joto. Na amwage lita moja au mbili za maji, kisha angoje siku moja. Ikiwa vyombo vyote vimekwama, na afunue manholi iliyo karibu: akiikuta imejaa, bomba la mbele limezibwa, na bomba la hewa halitasaidia kitu mpaka kizuizi kiondolewe. Akiikuta tupu na safi, na vyombo bado vyalia, ndipo ashuku bomba la hewa.

Kisha na atazame juu ya paa. Yawezekana bomba lipo, ila limezibwa na kiota cha ndege, majani, au mfuko wa nailoni. Yawezekana pia limekomea ndani ya dari. Hilo ndilo kosa baya kupita yote, kwa sababu gesi hukusanyika juu ya vichwa vya watu waliolala, na nje haionekani dalili yoyote.

Tena ijulikane kwamba si kila choo chahitaji bomba lake lenyewe. Choo cha chini kilichounganishwa kwa bomba fupi na mtaro wenye hewa ya kutosha chaweza kwenda salama. Lililo la lazima ni kwamba kila mfumo uwe na tundu moja la hewa lililo wazi juu, na mahali pafaapo ni mwanzo wa mtaro, yaani ule mwisho ulio mbali na tangi au na bomba la mji.

JINSI YA KULIWEKA

Kama bomba la kusimama lipo na limekatwa chini ya paa, kazi si kubwa. Fundi huunganisha kipande kipya na kukipandisha wima hata nje. Kama halikuwapo tangu mwanzo, hupasua mtaro mahali pa juu karibu na choo cha mwisho, akaweka kiungo, na kulipandisha bomba kwenye ukuta wa nje. Katika hali zote mbili, mwenye nyumba na ayaangalie mambo haya.

Bomba linalobeba uchafu wa choo huwa la milimita 100 au 110, ambalo madukani huitwa bomba la inchi nne. Sehemu ya juu inayopitisha hewa tu yaweza kuwa nyembamba kidogo katika nyumba ndogo, lakini mwongozo wa ujenzi wa Uingereza hauruhusu ipungue milimita 75.

Bomba lipande wima kwa kadiri iwezekanavyo. Kila kona hupunguza hewa na kukusanya takataka.

Kichwa chake kiwe juu ya madirisha. Mwongozo huo huo wasema kwamba kama kuna dirisha au tundu lolote la nyumba katika umbali wa mita 3, bomba na lipite juu ya tundu hilo kwa milimita 900 angalau. Msomaji asisahau dirisha la jirani. Upepo haujui mpaka wa kiwanja.

Juu kivikwe kifuniko cha wavu au chenye matundu, kizuiacho ndege lakini kisichozuia hewa. Mahali linapotoboa mabati pazibwe kwa mpira au bati maalumu, ili mvua isivuje ndani. Hofu ya mvua ndiyo iliyowafanya wengi walikate. Basi tuiondoe hofu hiyo kwa kazi nzuri, si kwa kuliziba bomba.

Bomba la maji ya mvua lisitumiwe kuwa bomba la hewa. Mvua kubwa ikinyesha litajaa maji, na hewa itakosa njia saa ile ile inapohitajiwa. Tena maji ya paa hayana ruhusa ya kwenda katika tangi la septiki, kwa maana hulijaza na kuufukuza uchafu kabla haujaoza.

Siku hizi madukani kuna vali ya hewa, ambayo matumizi yake yalianza Sweden katika miaka ya 1970. Hiyo hufunguka maji yanapovuta, ikaingiza hewa ya ndani, kisha hujifunga ili harufu isitoke. Ni chombo kizuri mahali ambapo paa haliwezi kutobolewa. Lakini huingiza hewa tu, haitoi. Kwa sababu hiyo haiwezi kuwa tundu pekee la mfumo, hasa penye tangi la septiki lenye gesi inayotafuta njia ya kutoka. Tena isifukiwe ukutani, kwani yahitaji hewa ya kuvuta, na siku moja itahitaji kubadilishwa.

KABLA YA KULIPA FUNDI

Mwenye nyumba na aulize kwanza katika ofisi ya ujenzi ya kaunti yake kama kazi hiyo yahitaji kibali. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilikuwa na masharti ya mabomba ya maji machafu, na mahali pake pamechukuliwa na Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024. Penye bomba la mji, kampuni ya maji nayo ina haki ya kuarifiwa kabla mtaro haujapasuliwa. Afisa wa afya ya umma, ambaye wazee walimwita Bwana Afya, aweza pia kutoa shauri.

Kazi ikiisha, na ijaribiwe mbele ya macho ya mwenyewe. Jaza trapu zote maji. Weka alama katika kila beseni. Kisha vuta maji ya vyoo vyote kwa pamoja, na wakati huo huo fungua sinki na bafu. Rudia mara tatu. Kama hakuna chombo kilichonguruma, wala trapu iliyopoteza maji mengi, kazi ni njema. Mafundi huhesabu kwamba baada ya majaribio kila trapu haina budi kubaki na kimo cha maji cha milimita 25 angalau. Ikipungua hapo, bado kuna kasoro, na fundi amalizie kabla ya kupokea salio lake.

NENO KWA WENYE VYOO VYA SHIMO

Wasomaji wa mashambani wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya Blair nchini Zimbabwe, ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia, kulitengenezwa choo cha shimo chenye bomba la hewa. Upepo unaopita juu ya bomba huivuta hewa ya shimoni ipande, na harufu haiji ndani. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga unaoonekana juu ya bomba, wakakutana na wavu, wakafa huko huko. Sharti lake ni kwamba bomba lipite paa kwa nusu mita hivi, wavu usiwe na tundu, na ndani ya choo kuwe na giza giza. Choo cha namna hii bila bomba, au chenye bomba lisilo na wavu, kimepoteza faida yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili la bomba la hewa, hasara haitokani na ufa ulioachwa wazi, bali na tundu lililozibwa pasipo haki. Gharama ya mita chache za bomba, wavu na kazi ya fundi ni ndogo ikilinganishwa na nyumba isiyokalika, wapangaji wanaohama, na watoto wanaoamka na vichwa vinavyouma. Kila mwenye nyumba basi na atenge saa moja ya mchana, azunguke nyuma, ainue macho, na kuhakikisha kwamba bomba lake lipo, limesimama, na liko wazi.